Utahama Lini?

Wewe unayesema huna hela ya kuhama, umeshapiga hesabu ya kubaki?

Chukua kalamu. Tuseme unaishi Chanika na kibarua chako kiko Kariakoo. Tukadirie kwa huruma: gari mbili kwenda, gari mbili kurudi, shilingi 600 kila moja. Hiyo ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Mwenzako naye akiwa na safari kama hiyo, nyumba yenu inatoa 124,800 kila mwezi, na hapo hamjagusa boda ya usiku wa mvua wala gari la shule.

Sasa hesabu ya muda. Hii ndiyo inayouma. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Saa 4 kwa siku, 104 kwa mwezi, 1,248 kwa mwaka. Gawanya kwa 24.

Siku 52.

Siku hamsini na mbili, usiku na mchana, kila mwaka, umening'inia kwenye bomba huku konda anakuambia sogea nyuma, nafasi ipo!

Mwanao unamwacha amelala, unamkuta amelala. Ukiulizwa, unajibu kwamba unamtafutia maisha. Maisha yapi hayo, ndugu yangu, wakati utoto wake unapita na wewe uko Gongo la Mboto kwenye foleni?

Sikutukani. Nakuamsha.

Maana wewe si mtu mdogo. Unalisha watu watano kwa hela ambayo mwingine angeimaliza wikendi moja. Unajua tarehe ya kikoba na tarehe ya kodi. Unajua kabisa kwamba umeme wa elfu tano ulionunua Jumatatu utakata Alhamisi, na unajua Mangi yupi anakopesha na yupi anageuza uso. Mtu anayeweza kuendesha hesabu ngumu namna hiyo, mwezi baada ya mwezi, ana akili ya kuhamisha familia nzima.

Akili hiyo umeitumia miaka yote kuvumilia. Itumie kuondoka.

Kuondoka kwenda wapi? Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anasikia kuna mahali kodi ni nafuu, anapakia vitanda kwenye lori, anafika, anakuta soko liko kilomita tano, shule kilomita nne, na zahanati ni ya kupanda boda. Nyumba amehama. Nauli amekuja nayo.

Wewe usifanye hivyo. Shika kanuni moja: kabla ya kuchagua nyumba, chagua umbali.

Mtu mzima akitembea mwendo wa kawaida anakwenda karibu kilomita 5 kwa saa. Dakika ishirini ni kilomita moja na nusu hivi. Ukiwa umemshika mkono mtoto wa darasa la kwanza, hesabu kilomita moja. Huo ndio mduara wako. Ndani yake unataka vitu sita: shule ya msingi, soko au genge la uhakika, zahanati, kituo cha daladala, nyumba ya ibada, na uwanja wa mtoto kucheza. Cha saba, ukijaliwa, ni kazi yako.

Kilichomo ndani ya mduara unakifikia bure kila siku. Kilicho nje utakilipia asubuhi na jioni.

Ndiyo maana nyumba ya 80,000 iliyo mbali inaweza kukukamua kuliko ya 120,000 iliyo jirani na soko na kazi. Unaona umeokoa 40,000. Lakini watu wawili wa nyumba hiyo wakipanda gari kwenda na kurudi tu, kwa nauli hiyo hiyo ya 600, kwa mwezi wametoa 62,400. Bei poa imekugeuka. Rahisi ghali, wahenga walishamaliza.

Wenye miji mikubwa wamelijua hili. Mwaka 2020 meya wa Paris, Anne Hidalgo, alirudi kuomba kura kwa ahadi ya mji wa robo saa, ambamo mtu anapata shule, duka na daktari kwa dakika 15 za miguu au baiskeli. Paris, wenye treni za chini ya ardhi kila upande, wanakitamani kitu ambacho watu wa Ngamiani, Tanga, wanakiishi bila kukipa jina.

Na wewe unakidharau kwa sababu kinaitwa mkoani!

Kaitazame Tanga kwanza. Mitaa ya Ngamiani imenyooka, na inaitwa kwa namba: Barabara ya Nane, ya Tisa, ya Kumi. Mgeni hapotei. Ardhi ni tambarare, kwa hiyo baiskeli huko haimwonei mtu haya: anapanda mwalimu, anapanda muuza samaki, anapanda baba aliyempakia binti yake wa chekechea nyuma, begi la shule limening'inia kwenye usukani. Soko la Mgandini lipo, samaki wa Deep Sea wapo, Hospitali ya Bombo ipo. Kasoro? Joto linakaba, na ajira za ofisini hazijajaa. Lakini mwenye ufundi mkononi na baiskeli mlangoni atakula.

Katazame Moshi. Mnara wa saa, stendi, soko kuu na Hospitali ya Mawenzi unaviunganisha kwa miguu, na mji wenyewe una sifa ya usafi nchi nzima. Tahadhari moja: usiende kuupima Desemba. Wachagga wanakuwa wamerudi kuhesabiwa, mji umefurika, na kila bei unayotajiwa ni bei ya sikukuu. Nenda Machi uone mji wa siku zote.

Katazame Iringa. Mji umekaa juu ya mlima. Uhindini, Miyomboni na soko kuu vimesogeleana, vinamfaa mtembeaji. Lakini uliza nyumba iko juu au chini. Ukipewa ya bei nafuu kule Ipogolo bondeni, ule mlima utaupanda kila siku au utaulipia kila siku. Tena usitafute chumba wakati vyuo vinafunguliwa, kuanzia Oktoba, maana utagombania na wanachuo. Na sweta za watoto ziwe kwenye bajeti, baridi ya Juni haina mzaha.

Katazame Morogoro, mji kasoro bahari. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inaufanya uwe jirani wa Dar es Salaam. Hapo ndipo penye mtego. Ukihamia Morogoro halafu kila alfajiri unarudi Dar kazini, umenunua foleni nyingine, ndefu zaidi, yenye viti vizuri. Morogoro ihamie ukiwa na kazi Morogoro, au kazi inayokuita Dar mara mojamoja.

Dodoma je? TANU iliamua mwaka 1973 kwamba iwe makao makuu, na mpango mkuu wa mji wa 1976 uliwatanguliza waenda kwa miguu na mabasi. Leo mji umetawanyika, na umekua kwa kasi tangu serikali ilipoanza kuhamia kweli mwaka 2016. Huko chagua mtaa kabla hujauchagua mji.

Na kwingine kote ni hivyohivyo. Mji mmoja una mtaa wa raha na mtaa wa nauli, na dalali hatakuambia upi ni upi.

Utaujuaje?

Utautembea.

Usiupime kwa simu wala kwa picha za WhatsApp. Nenda wiki ya kawaida ya shule, na kama unaweza nenda wakati wa masika. Mvua haipokei rushwa: itakuonyesha mtaro uliozibwa, njia inayogeuka tope, na nyumba iliyopakwa rangi upya kuficha alama ya maji ukutani.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simama kwenye geti la nyumba unayoitaka, kisha tembea hadi shuleni kwa mwendo wa mtoto. Usihesabu dakika peke yake. Hesabu barabara za kuvuka. Kuna kivuko cha zebra? Kuna tuta? Bodaboda wanapunguza mwendo au wanapiga honi na kupita? Hili si jambo la kupuuza: Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Shule iliyo mita 600 ng'ambo ya barabara kuu isiyo na kivuko iko mbali kuliko shule ya kilomita moja ndani ya mtaa.

Na dawa yake inajulikana. Mwaka 2019 mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, uliofanya kazi kwenye shule za Dar es Salaam, ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Walifanya maajabu gani? Matuta. Vivuko. Njia za pembeni. Wakati mwingine kuhamisha geti la shule lisitazame barabara kubwa. Vitu hivyo vidogo ndivyo unavyokwenda kuvitafuta kwa macho yako. Ukivikuta, ujue mtaa huo kuna mtu aliwafikiria watoto.

Baada ya hapo nenda sokoni, nunua unga kilo tano, nyanya na mafuta, urudi navyo mkononi kwa miguu. Mikono ikikuuma kabla hujafika, umeshapata jibu, na halikukugharimu kodi ya miezi sita.

Saa mbili usiku toka tena. Taa zipo? Mama wa genge bado amekaa na taa yake? Kuna mwanamke anatembea peke yake bila kukimbia? Hiyo ndiyo ripoti ya usalama, na hakuna ofisi itakayokupa nyingine bora kuliko hiyo.

Kisha uliza. Usimuulize dalali, yeye anakula kodi ya mwezi mmoja ukikubali. Muulize anayechoma maandazi kona: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Nani anaugua homa mtaani mvua zikianza? Watoto wako wanasoma wapi, na kwa nini si pale jirani? Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Matokeo ya darasa la saba na kidato cha nne NECTA wanayatoa shule kwa shule, bure, kwenye simu hiyohiyo unayotazamia vichekesho. Yasome.

Kuna kingine utakachokipata bila kukilipia. Mtoto anayetembea dakika ishirini kwenda shule na ishirini kurudi amepata 40 kati ya dakika 60 za kuutumia mwili ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri kwa siku, kwa wenye miaka 5 hadi 17, mradi asijikokote. Wazazi wenye fedha wanalipia hilo kwenye klabu. Wewe utalipata kwenye njia ya shule.

Nasikia unaguna. Haya, lete visingizio, kimoja kimoja.

"Huko hakuna kazi."

Kazi gani? Wewe ni fundi cherehani: watu wa Moshi hawavai? Wewe ni fundi umeme: nyumba za Tanga hazikatiki nyaya? Wewe ni mwalimu au muuguzi wa serikali: umeshaandika barua ya kuomba uhamisho, au unamsubiri mkuu wako aiote? Umeshamtafuta mwenzako wa kubadilishana naye kituo? Ni kweli, mji mdogo una wateja wachache na pengine kipato kitashuka. Sikufichi. Lakini usilinganishe mshahara na mshahara. Linganisha kinachobaki na kinachobaki. Toa kodi, toa nauli, toa chakula cha mgahawani kwa sababu hufiki nyumbani mchana, kisha tazama mwisho wa mwezi ni wapi umebaki na noti mkononi. Ukiogopa bado, mmoja wenu atangulie miezi mitatu, apange chumba kimoja, atafute wateja. Familia ifuate njia ikishafunguka.

"Watoto wataharibikiwa na masomo."

Wanaharibikiwa sasa hivi, wanaposinzia darasani kwa sababu waliamshwa alfajiri! Ada ya shule za serikali, msingi hadi kidato cha nne, ilishafutwa. Ukiishi jirani na shule nzuri ya serikali, gari la shule halikuhusu, na muda wa kumsimamia mwanao afanye hesabu zake jioni utakuwa nao. Nani alikuambia mwalimu wa kwanza wa mtoto ni mtu mwingine?

"Ndugu zangu wako hapa."

Mara ya mwisho mmeonana lini bila msiba? Mnakaa mji mmoja, mnaonana makaburini. Ukiwa Tanga watakuja likizo, watalala siku tatu, na mtazungumza kuliko mlivyozungumza mwaka mzima.

"Mwenzangu hataki."

Umempeleka akaone, au umemtangazia? Mpeleke. Yeye ndiye atembee kutoka sokoni na ule mzigo, yeye ndiye amuulize yule mama wa maandazi. Mtu anakubali mji kwa miguu yake mwenyewe.

"Siwezi kabisa kutoka Dar."

Sawa. Basi hama mtaa! Kanuni ni ileile. Toka kwenye nyumba ya vyumba vitatu kule mwisho wa lami, ingia chumba na sebule karibu na kazi, karibu na shule, karibu na kituo cha mwendokasi. Mtabanana, ndiyo. Lakini saa nne kwa siku zitarudi mikononi mwako. Nafasi ya ndani unaitaka ya nini kama humo unaingia kulala tu?

"Nitahama nikipata hela."

Hapo ndipo nakukamata mkono, maana hicho ndicho kisingizio baba. Hela hazijileti. Hela inapewa tarehe.

Tuipe tarehe sasa hivi. Nyumba ya 100,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita: 600,000. Dalali: 100,000. Akiba ya chakula cha miezi miwili, ijue mwenyewe maana sufuria lako unalijua. Lori je? Lori linatoza kwa ukubwa wa mzigo, kwa hiyo uza lile kabati zito, uza kochi lililobonyea, nenda na magodoro, vyombo na cherehani. Jumlisha. Namba uliyoipata ndiyo adui yako, na sasa ana jina. Igawe kwa miezi kumi. Bado ni kubwa? Igawe kwa miezi kumi na minane. Ingia kikoba kingine. Kata kile ambacho wewe na moyo wako mnajua kinaweza kukatwa.

Kisha rudi nyuma kwa kalenda. Mwaka wa masomo unaanza Januari. Ili mwanao aanze Januari shule mpya, barua ya uhamisho iwe imeshughulikiwa kabla shule hazijafungwa. Ili barua iandikwe, uwe umeshaichagua shule. Ili uichague, uwe umeutembea mtaa. Kwa hiyo safari ya kwanza ni katikati ya mwaka, na akiba inaanza kabla ya hapo.

Inaanza lini?

Leo.

Si mwakani. Si mtoto akimaliza la saba. Si mwenye nyumba akipandisha kodi tena, kama alivyofanya, kama atakavyofanya. Mwenye nyumba wako ana mpango. Dalali ana mpango. Konda ana mpango, ndiyo maana anajua ataijaza gari ile mara ngapi kabla ya jioni. Katika watu wote wanaoishi kwa jasho lako, ni wewe peke yako usiye na mpango?

Hapana. Nakataa. Mtu aliyeweza kuvumilia siku 52 kwa mwaka akiwa amesimama hawezi kushindwa na kikao cha nusu saa mezani kwake.

Usiku huu, watoto wakilala, keti na mwenzako. Zimeni televisheni. Andikeni miji miwili, isizidi miwili. Andikeni vile vitu sita vya mduara. Andikeni ile namba. Pangeni ni nani anasafiri, wiki gani, na nauli ya safari hiyo moja inatoka mfuko gani. Mkimaliza, mwenye simu yenye salio ampigie mtu mmoja anayeishi huko, mmoja tu, amuulize maji yanatoka siku ngapi kwa wiki.

Simu hiyo ikipigwa, umeshaanza kuhama. Usipoipiga, daladala ya saa kumi na moja inakusubiri.

Piga.